Mashindano huharibika kabla ya kete ya kwanza

WIKI hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna ya kuandaa mashindano ya ubingwa wa klabu ya bao. Sisemi mashindano ya taifa yenye wafadhili na mabango barabarani. Nasema yale ya mtaani, katika mji kama Tabora: wachezaji 16, mabao 8, kivuli cha mwembe, daftari moja na kalamu.

Yupo atakayeuliza, bao nalo linahitaji maandalizi? Si watu hukaa tu barazani wakacheza? Ni kweli, hukaa wakacheza. Lakini kucheza ni jambo moja na kushindana ni jambo jingine. Barazani wakibishana wawili, wa tatu huingilia, watu wakacheka, kete zikapangwa upya na mchezo ukaanza tena. Kwenye mashindano kuna jina la mtu linaloandikwa, kuna zawadi, kuna bingwa mmoja na walioshindwa wengi. Ubishi uleule uliokwisha kwa kicheko jana, leo unagawa klabu mapande mawili. Mwaka unaofuata pande hizo hazisalimiani, na mwaka wa tatu klabu haipo.

Hoja yangu ni moja. Mashindano ya klabu hayaharibiwi na wachezaji wabovu. Huharibiwa na mambo ambayo viongozi waliona haya kuyaamua mapema, wakasema, "tutaona hukohuko mbele."

Watu wa Tabora wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana mji wao ulikua kwa safari. Burton na Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Fikiria, siku 134 za kwenda kwa miguu. Msafara wa namna hiyo haukuanza kwa kubahatisha. Kabla ya kuondoka, ujira wa mpagazi ulipatanwa, mzigo wake ulipimwa, kama frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, posho ilijulikana, na kirangozi wa kutangulia mbele alikwisha kuteuliwa. Kwa nini? Kwa sababu ugomvi juu ya mzigo ukizuka Bagamoyo ni maneno tu. Ukizuka katikati ya Mgunda Mkali, lile pori kavu lililokuwa baina ya Ugogo na Unyanyembe, ni mauti. Basi ubishi wa kanuni ukizuka wakati wa mchezo wa mwisho, watazamaji wamejaa na kikombe kiko mezani, jueni kwamba klabu nayo imefika Mgunda Mkali.

Jambo la kwanza, basi, ni kanuni. Tabora ni mji wa watu waliotoka kila upande. Wenyeji Wanyamwezi wako pale, Wamanyema walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waarabu na Waswahili walipanda kutoka pwani, na reli ilipofika mwaka 1912 ilileta wengine tena. Mchezo wa kete na mashimo nao una sura nyingi katika sehemu hizi za Afrika. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wamalawi wana bawo. Hata watu wawili wanaosema wote wanacheza bao la Kiswahili, waweke bao moja mbele yao, baada ya nusu saa utasikia, "Kwetu hatuchezi hivyo."

Misingi haina matata. Bao lina mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Kwanza watu hunamua, mpaka kete za mkononi ziishe, ndipo waingie mtaji. Anayemalizwa kete zote za mstari wa mbele, au akakosa la kucheza, amefungwa. Hapo wote tunakubaliana.

Ubishi huanzia pembeni. Kuna kanuni ya kutakasia, ambayo humzuia mtu kuanza na shimo lake lililo hatarini kuliwa. Ni lini inashika, na ni lini hailiki? Kuna mzunguko mrefu, kete zinatembea na kutembea na hazilali. Uachwe mpaka lini? Kuna mtu aliyedondosha kete mbili katika shimo moja kwa haraka ya mkono, mwenzake akagundua baadaye. Je, wanarudi nyuma? Warudi vipi, na bao halina anayeandika kila mchezo kama wanavyoandika wenzetu wa sataranji? Na anayemfunga mwenzake mkononi, kete za kunamua hazijaisha, ushindi wake una uzito zaidi ya ule wa kwenye mtaji, au majivuno yake ya barazani yabaki barazani?

Mimi sina mamlaka ya kusema lipi ni sahihi. Ninachosema ni kwamba kila klabu ichague, iandike katika ukurasa mmoja, ukurasa usomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila mchezaji atie sahihi au dole gumba. Kwa mfano, kuhusu kete iliyokosewa, klabu inaweza kuandika hivi: anayepinga apinge kabla hajagusa kete zake mwenyewe, akishagusa, amekubali. Kanuni hiyo ni fupi na haihitaji hakimu wa kuitafsiri. Inaweza isiwe nzuri kuliko zote, lakini kanuni ya wastani iliyojulikana na wote Ijumaa ni bora kuliko kanuni nzuri iliyobuniwa Jumapili jioni.

Jambo la pili ni mpango wa nani akutane na nani. Hapa tuazime busara ya wachezaji wa sataranji, mchezo ambao wengine huuita chesi. Ubao wao una vyumba 64, kama kete zetu, na wao wamekwisha kugombana vya kutosha kiasi cha kutufundisha.

Mashindano ya kwanza ya kimataifa ya sataranji yalifanyika London mwaka 1851. Wachezaji walikuwa 16, idadi ileile ya klabu yetu ya mtaani. Mpango ulikuwa wa mtoano: ukishindwa unatoka. Nani akutane na nani, waliachia kura. Matokeo yake Adolf Anderssen, aliyekuja kutwaa ubingwa, alipangwa katika raundi ya kwanza kabisa na Lionel Kieseritzky, mmoja wa wachezaji hodari wa Paris. Kieseritzky akatolewa siku za mwanzo, na wengine waliokuwa chini yake wakaendelea kwa sababu kura iliwapa wepesi.

Mtoano ni rahisi kuupanga, sikatai. Kwa wachezaji 16 unahitaji michezo 15 tu. Lakini angalia, watu 8 wanakwenda nyumbani baada ya mchezo mmoja. Mzee aliyepanda daladala toka nje ya mji, kijana aliyelipa kiingilio kwa vibarua vya wiki nzima, anacheza mara moja na basi. Mwakani hamtamwona. Upande wa pili kuna ligi, kila mtu akutane na kila mtu. Hiyo ina haki kuliko zote, lakini kwa watu 16 ni michezo 120. Kwa mabao 8 ni raundi 15. Nani ana nafasi hiyo? Ligi za namna hiyo huishia njiani, na bingwa hutangazwa kwa kuchoka.

Wenzetu wa sataranji walitafuta njia ya katikati, na mwaka 1895, mjini Zürich, wakaitumia kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa ni ya Uswisi, mpaka leo huitwa mtindo wa Kiswisi. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza inapangwa kwa kura. Kuanzia ya pili, mshindi anakutana na mshindi mwenzake, na aliyeshindwa anakutana na aliyeshindwa. Kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zako, au zilizo karibu na zako, ambaye hamjakutana.

Hesabu yake inapendeza, hasa kwa bao, ambalo mchezo wake kwa kawaida huisha mmoja amefungwa. Wachezaji 16, baada ya raundi ya kwanza wasioshindwa ni 8. Baada ya ya pili ni 4. Baada ya ya tatu ni 2. Baada ya ya nne ni mmoja, naye ndiye bingwa, hana mshirika. Raundi nne, michezo 32, mbili Jumamosi na mbili Jumapili. Na yule aliyeshindwa mchezo wa kwanza naye amecheza minne, sawa na bingwa. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, anayekosa mpinzani hupewa pointi moja bila kucheza. Achaguliwe miongoni mwa wenye pointi chache, na asipewe mtu yuleyule mara mbili.

Lakini mtindo huu una mtego mmoja, na waandaaji wageni hunasa papo hapo. Ikiwa kila mchezo una mshindi, na kila raundi wanakutana wenye pointi sawa, baada ya raundi nne mtakuwa na mtu mmoja mwenye pointi 4, na watu wanne wenye pointi 3. Nani wa pili? Zawadi ya pili ya nani? Hapo ndipo shati huchanika. Dawa inajulikana: jumlisha pointi za wapinzani wote aliokutana nao kila mmoja wa hao wanne. Aliyekutana na wapinzani waliofanya vizuri zaidi amepita njia ngumu zaidi, na huyo ndiye wa pili. Wakilingana tena, wacheze mchezo mmoja wa kuamua. Liandikwe kabla. Mkilitangaza baada ya kujua nani atanufaika, hata likiwa la haki, litanuka.

Jambo la tatu ni mwamuzi. Tunaambiwa penye wazee hapaharibiki neno. Ni kweli, ila pale ambapo mzee mwenyewe naye ni mshindani. Turudi London mwaka 1851. Katibu wa kamati iliyoandaa mashindano yale alikuwa Howard Staunton, mtu mwenye jina kubwa katika mchezo wenyewe, na ambaye naye alishiriki. Anderssen alimfunga, kisha akashindwa tena na Elijah Williams katika kugombea nafasi ya tatu. Staunton akalalamika kwamba Williams alikuwa akikawia kupita kiasi. Huenda alisema kweli, maana siku hizo hapakuwa na saa mezani. Lakini nani atayasikiliza kwa moyo mweupe malalamiko ya mwandaaji aliyeshindwa katika mashindano aliyoyaandaa yeye?

Kwa hiyo mwamuzi asicheze, na mchezaji asiamue. Chagueni wawili wanaolijua bao na walio tayari kukaa nje mwaka huu, na wa tatu wa kusikiliza rufaa. Ni sadaka kubwa kumwomba fundi wa bao asicheze, basi naye atunzwe: jina lake litangazwe, chai yake isisahauliwe, na mwakani azunguke mwingine.

Kuhusu kukawia, wenzetu wa sataranji walianza kutumia saa za mchanga mwaka 1861, na mwaka 1883, London tena, wakaingiza saa za mashine. Kwa bao, saa ya mchezo mzima inaweza kumwonea mtu, kwa sababu kutembeza kete kwenyewe kunachukua muda. Afadhali kupima muda wa kufikiri peke yake, tangu kete ya mwenzako ilale mpaka uguse yako. Klabu iseme dakika mbili au tatu, na simu ya mwamuzi inatosha kupimia. Anayezidisha aonywe mara moja. Mara ya pili apoteze mchezo. Bila hivyo, mtu mmoja mwenye subira ya mawe anaweza kuwashinda wenzake kwa njaa.

Jambo la nne ni fedha, na hapa ndipo wengi hupaogopa. Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000. Wachezaji 16 ni shilingi 80,000. Hicho ndicho mlicho nacho. Chai, karatasi, maji na nauli ya kuazima mabao vitoke humo, na kilichobaki ndicho zawadi. Msitangaze jogoo, mbuzi na baiskeli kwa sababu mfanyabiashara fulani amesema "nitaangalia." Ahadi haifungwi kamba shingoni. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, lakini bingwa anayeambiwa apitie zawadi yake Jumatano, na Jumatano akaambiwa Ijumaa, hakutunzwa, ametukanwa. Zawadi iwe ndogo na iwe mezani tangu asubuhi ya kwanza, watu waione.

Mapato na matumizi yabandikwe ukutani siku ileile. Mficha uchi hazai, na mweka hazina anayeficha daftari hapati wachezaji mwakani. Na kamari ya pembeni izuiwe kabisa. Siku hizi vijana wengi wamezoea kuweka mikeka ya mpira kwenye simu. Mkiiruhusu kuingia katika bao la mtaa, kesho mchezaji atapewa fedha ili ashindwe, na hamtajua mmefungwa na nani. Klabu inayotaka kusimama kwa miguu yake iandikishwe pia, kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Klabu iliyoandikishwa inaweza kuomba uwanja wa shule au ukumbi kwa barua. Kundi la barazani hujibiwa kwa mdomo, na mdomo hausimami.

La tano na la mwisho ni hili: mashindano haya ni ya nani? Kama wachezaji wote 16 ni wazee wa baraza moja, mnachokifanya ni mazungumzo ya kuagana. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora, alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa amelikalia na wenzake zipo. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alimaliza utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya ufundi wa mabingwa wa bao. Huko Ulaya watu wameona kwamba hii ni elimu. Sisi je, kijana wa Tabora ataisoma wapi, ikiwa barazani anafukuzwa kwa kuambiwa "hapa wanakaa wakubwa"?

Tazameni Uganda. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwakusanya watoto maskini akawafundisha sataranji, na aliwavuta kwa uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, msichana wa kibanda, alifika kuiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia na kupata hadhi ya kimataifa mwaka 2012. Mwaka 2016 filamu ya maisha yake ilionyeshwa ulimwenguni. Katende hakuanza na jumba. Alianza na ubao, uji na nafasi ya kukaa.

Nafasi ya kukaa ndiyo ninayoiomba. Katika nafasi 16, tengeni 4 za vijana walio shuleni, kwa kiingilio cha nusu. Tengeni za wanawake pia, na mlipeleke bao kwenye uwanja wa shule, kwa sababu baraza la kahawa kwa mazoea yetu ni la wanaume, na mwanamke hataingia hata mkimwandikia kadi. Pangeni siku za kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mvua isije ikawatawanya. Pangeni saa ambazo haziingiliani na msikiti wala kanisa. Kijana atakayepoteza michezo mitatu na kushinda mmoja atarudi nyumbani akisimulia ule mmoja. Huyo ndiye mwanachama wenu wa miaka thelathini ijayo.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Klabu inayofikiria mashindano yake ya mwaka huu iitishe kikao sasa, kabla ya kuchapisha tangazo hata moja. Kwenye kikao hicho waulizane maswali matano: tunacheza kwa kanuni zipi, nani anakutana na nani, nani anaamua, fedha iko wapi, na nani tunamkaribisha. Kikao kinaweza kuwa kirefu, na watu wanaweza kuinuka wamekunja nyuso. Wakunje sasa. Wakishapatana, karatasi ibandikwe kwenye shina la mwembe, na kete zianze kulala.